Mtu Mmoja, Simfoni Tisa, Mara Nne

Yupo mtu aliyezirekodi simfoni zote tisa za Beethoven mara nne. Simfoni zilezile, nota zilezile, mtunzi yuleyule aliyefariki tangu 1827. Mtu huyo ni Herbert von Karajan, mzaliwa wa Salzburg, Austria, mwaka 1908. Mara zote nne kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya okestra na kuongoza. Haimbi, hapulizi, hapigi fidla. Ukiwaeleza washkaji zangu wa maskani watakwambia huo ni wazimu, kama si njaa ya hela. Msanii akishatoa albamu, si atoe nyingine yenye nyimbo mpya, bwana!

Mimi nimezisikiliza zote nne, tena kwa kurudia, na naona swali la washkaji ni zuri kuliko wao wenyewe wanavyodhani. Kwa nini mtu arudie? Na akirudia, kinachobadilika ni nini ikiwa karatasi ni ileile? Sisi tunaoandika hadithi na mashairi na kuyafutafuta usiku kucha, swali hilo ni letu. Mwaka jana liliingia mpaka kwenye kwaya yetu, na huko halikuwa mchezo.

Tuelewane kwanza, ndugu msomaji. Simfoni ni utungo mrefu wa okestra, kwa kawaida wenye sehemu nne. Ya kwanza ya Beethoven ilipigwa hadharani Vienna mwaka 1800. Ya tisa ilipigwa mwaka 1824, mtunzi akiwa kiziwi, hata inasimuliwa kwamba ilibidi mwimbaji mmoja amgeuze ili awaone watu wanaomshangilia. Alichotuachia ni karatasi. Karatasi inasema piga nota hii, polepole hapa, kwa nguvu pale. Lakini polepole kiasi gani? Nguvu kama ya nani? Hapo ndipo anapohitajika mwongozaji. Kama umewahi kumtazama mwalimu wa kwaya siku ya mazoezi, anavyowatuliza besi kwa kiganja na kuwainua soprano kwa nyusi tu, basi kazi ya mwongozaji wa okestra unaijua. Mbele yake wako watu themanini au mia badala ya thelathini, lakini kazi ni ileile.

Msidhani nimezaliwa kwenye nyumba yenye piano. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri hapa Dar es Salaam. Mmisionari mmoja wa Kijerumani aliporudi kwao alimwachia boksi la kaseti, nyingine zina lebo ya manjano iliyopauka. Ndani ya boksi hilo nilimkuta Beethoven wa Karajan wa mara ya pili na wa mara ya tatu, wamechanganyika, kaseti ya huku imo kwenye jalada la kule. Nilizitenganisha kwa masikio kabla ya kuzitenganisha kwa tarehe, na ugonjwa wangu ulianzia hapo. Ya kwanza na ya nne nimekuja kuzipata kwenye simu, geto, kwa bando la usiku, simu imetumbukizwa ndani ya sufuria ili sauti ijae.

Ya kwanza ilirekodiwa kati ya 1951 na 1955, sehemu kubwa London, na okestra ya Philharmonia. Huwezi kuisikiliza vizuri bila kujua mtu huyu alitokea wapi, na alikotokea panauma. Karajan alijiunga na chama cha Hitler mwaka 1933, akapanda ngazi katika Ujerumani ileile iliyokuwa inawafukuza wanamuziki Wayahudi makazini. Vita vilipokwisha akapigwa marufuku kuongoza hadharani, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka 1947. Katika kipindi hicho Mwingereza Walter Legge, mtayarishaji wa rekodi na mwanzilishi wa Philharmonia, alimfuata Vienna akamweka mbele ya maikrofoni, kwa kuwa chumba cha kurekodia hakina watazamaji. Mtu aliyenyimwa jukwaa akapewa maikrofoni. Tangu hapo hakuiachia.

Nilimwuliza Mjomba inakuwaje muumini kama yeye anampenda mtu wa namna hiyo. Akafikiri kidogo, akasema, "Mjomba, ubaya wake umo kwenye faili na uzuri wake umo kwenye kanda. Vyote viwili ni vyake. Usimpunguzie hiki kwa sababu ya kile." Nimejaribu kuishi na jibu hilo. Halinipi raha, lakini halinidanganyi.

Sauti ya rekodi hiyo ya kwanza ni mono kwa sehemu kubwa. Kila kitu kinatoka tundu moja, kama picha ya zamani, nyeusi na nyeupe. Lakini picha yenyewe kali! Okestra ilianzishwa 1945, bado changa, na inapiga kama mtu anayetaka ajulikane mjini. Sikiliza sehemu ya tatu ya Simfoni ya Tatu, ile iitwayo Eroica, mahali ambapo pembe tatu, zile tarumbeta za mviringo, zinaachiwa uwanja zitambe peke yake. Kiongozi wa pembe katika Philharmonia wakati huo alikuwa Dennis Brain, aliyekufa kwa ajali ya gari mwaka 1957 akiwa na miaka 36. Zinacheka zile pembe. Kila nikifika hapo nawaza kwamba mtu yule hakujua amebakiwa na miaka mitano.

Mara ya pili ni Berlin. Mwongozaji mkuu wa Berlin Philharmonic, Wilhelm Furtwängler, ambaye hakumpenda Karajan hata kidogo, alifariki Novemba 1954, na mwaka uliofuata Karajan akarithi kiti chake. Okestra haikuwa na ukumbi wake. Ule wa zamani ulibomolewa kwa mabomu mwaka 1944. Kwa hiyo wakarekodia kanisani, Jesus-Christus-Kirche, huko Dahlem, Berlin ya Magharibi. Walianza mwishoni mwa 1961, miezi michache baada ya Ukuta kuanza kujengwa Agosti ya mwaka huohuo, wakamaliza mwishoni mwa 1962. Kanisa lenyewe lina historia. Mchungaji wa Dahlem, Martin Niemöller, alikamatwa na serikali ya Hitler mwaka 1937 kwa kupinga kanisa kufanywa chombo cha chama. Robo karne baadaye mtu aliyekuwa na kadi ya chama hichohicho anasimama chini ya paa hilo, anaongoza Simfoni ya Tisa yenye kuimba undugu wa binadamu wote. Mjomba husema kuta za kanisa zimeumbwa kusikia mengi na kunyamaza.

Mwaka 1963 kampuni ya Deutsche Grammophon iliziuza zote tisa kwa mpigo, santuri nane katika kasha moja. Hiyo ndiyo niipendayo kuliko zote, na sababu yangu naweza kuionyesha kwa kimya.

Watu hudhani Simfoni ya Tano inaanza na zile nota nne, tatu fupi na moja ndefu, ambazo hata asiyemjua Beethoven ameshazisikia kwenye tangazo fulani. Lakini tazama karatasi. Kabla ya nota ya kwanza Beethoven ameandika alama ya kimya. Kimya kidogo mno, cha kufumba na kufumbua. Mwongozaji hupiga kile kimya kwa mkono, na okestra nzima inaruka kutoka ndani yake. Sasa, katika rekodi ya kanisani kile kimya unakisikia. Kweli kabisa! Unasikia watu wamebana pumzi, halafu nota zinapasuka kama mlango uliosukumwa kwa bega, na kanisa linazirudisha kidogo kabla ya kuzimeza. Karajan ana miaka hamsini na kitu. Yeye na okestra bado wanachungana, hakuna anayesinzia, hakuna aliye na uhakika na mwenzake.

Haina maana kwamba haina kasoro. Simfoni ya Sita, ile ya mashambani, ameiendesha kama daladala linalowahi abiria kituo cha mbele. Kijito cha sehemu ya pili hakipati nafasi ya kutulia, na wewe uliyetaka kukaa kivulini unajikuta umeshapitishwa.

Ya tatu ni ya miaka ya 1975 hadi 1977. Okestra sasa ina nyumba yake, ukumbi wa Philharmonie uliofunguliwa Oktoba 1963, ambako wasikilizaji wameizunguka okestra pande zote. Karajan amekuwa tajiri, anarusha ndege yake mwenyewe, uso wake umejaa kwenye majalada ya santuri. Na mwili umeanza kumdai: mwishoni mwa 1975 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa mgongo. Lakini ukisikiliza huwezi kujua. Sauti imekuwa kama meza ya mninga iliyopigwa msasa wiki nzima. Fidla zinatiririka bila mshono. Sehemu ya tatu ya Simfoni ya Tisa, ile ya polepole, hapa ndipo ilipo nzuri kuliko kwingine kote. Nimewahi kuisikiliza saa tisa usiku, nikashindwa kuzima taa.

Halafu rudi kwenye ile Tano. Kimya kimepotea. Nota zinaanza pamoja, sawasawa, nene, zimeshiba. Hakuna aliyeshtuka. Kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini, na mshahara wa mwezi ujao upo.

Juu ya hili mimi na Mjomba hatujawahi kupatana. Yeye ni mtu wa ya tatu. "Hapa wamekuwa mwili mmoja," anasema. "Unajua inachukua miaka mingapi watu kuwa mwili mmoja?" Nami humjibu kwamba mwili mmoja pia hulala usingizi mmoja. Hucheka, huniambia vijana tunapenda kelele za kugombana.

Ya nne ni ya 1982 hadi 1984, na chanzo chake ni mashine. Karajan alipenda mashine. Mwaka 1981, huko Salzburg, alisimama pamoja na Akio Morita wa Sony kuitambulisha CD kwa waandishi wa habari, na kwa akili yake teknolojia mpya ilidai kila kitu kirekodiwe upya. Basi akawarudisha Berlin Philharmonic kwenye simfoni zote tisa, safari hii kwa dijitali, na kamera za filamu juu yake. Sauti ikatoka nyeupe, inang'aa, kama taa ya tyubu kwenye chumba kisicho na pazia. Nota hazikosewi. Lakini fidla zinakwaruza sikio, na mara nyingi nahisi watu wanatimiza wajibu.

Na kweli kulikuwa na kitu. Miaka hiyohiyo Karajan na okestra waligombana vibaya. Alimtaka mpiga klarineti kijana, Sabine Meyer. Katika okestra ile wanamuziki wenyewe ndio wanaopiga kura nani aingie, na wakamkataa kwa kura nyingi, wakisema sauti yake haichanganyiki na yao. Kumbuka kwamba mwanamke wa kwanza kuajiriwa katika okestra hiyo, mpiga fidla Madeleine Carruzzo, alikuwa ameingia mwaka 1982 tu. Mwaka 1984 Meyer alijiondoa mwenyewe, lakini ndoa ya mwongozaji na okestra yake ilikuwa imeshapasuka. Mtu aliyepewa kiti cha maisha alikuwa anawaongoza watu waliokwisha kumpigia kura ya hapana. Ukizitazama filamu, unamwona amefumba macho, kama ilivyokuwa desturi yake kwa miaka mingi. Zamani nilidhani anasikiliza kwa ndani. Siku hizi huwa najiuliza anawakwepa akina nani.

Jambo moja linanishangaza. Chukua saa, upime. Simfoni ya Tisa, kwa mfano, katika rekodi zote nne inachukua zaidi kidogo ya saa moja, na zinapishana kwa dakika chache tu. Miaka thelathini imepita, mtu amezeeka, mji umegawanywa kwa ukuta, mitambo imebadilika toka mono hadi dijitali, na saa ya ukutani haikuona kitu. Kwa hiyo tofauti unayoisikia haipo kwenye mwendo. Ipo katika namna watu wanavyoitikiana. Rekodi ya okestra humpiga picha kiongozi, lakini kwa nyuma inawapiga picha pia wanaoongozwa, kama wangali wanamsadiki au la.

Hapa nina neno na wenzangu wa kalamu. Tunapenda kusemezana kwamba kuandika ni kuandika upya, na ni kweli. Lakini Karajan ananifundisha kuuliza swali la pili: unaandika upya kwa sababu gani? Kama ni kwa sababu umepata kompyuta, basi utapata hadithi ileile yenye herufi nzuri zaidi. Kama ni kwa sababu unaijua mno, utaipiga msasa mpaka kile kimya cha mwanzo kipotee, na msomaji hatashtuka tena mlango ukisukumwa. Rudia kama umesikia kitu ambacho mara ya kwanza hukukisikia. Nina mswada mmoja wa riwaya chini ya godoro unaosubiri sikio hilo, nami sijaugusa.

Sasa nije kwenye kwaya.

Mjomba naye aliurekodi wimbo mmoja mara tatu. Ni wimbo wa mazishi kutoka kitabu chetu cha Mwimbieni Bwana, mojawapo ya zile tenzi zilizokuja na wamisionari wa Kijerumani na sasa tunaziimba kana kwamba zilizaliwa hapa. Kanda ya kwanza ni ya 1988, kanisani kwenyewe, jogoo wa jirani anasikika kwenye ubeti wa tatu. Ya pili ni ya 1997, studio. Ya tatu ni CD ya 2008, yenye kinanda na ngoma za kompyuta. Mama yangu yumo kwenye ya kwanza, sauti ya pili, kabla sijazaliwa. Nilizisikiliza zote tatu kwa masikio yaliyonolewa na yule mzee wa Salzburg, na nikakuta mambo yaleyale: njaa, halafu ustadi, halafu mitambo.

Mwaka juzi Mjomba alipata kiharusi. Alipona kwa kiasi, akarudi kwaya, lakini mkono wa kushoto haupandi. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa unatupa milango ya kuingilia. Akaanza kuongoza kwa mmoja, na akaanza kufumba macho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku zote alitutazama mpaka unaona haya kukosea. Nasi polepole tukaacha kumtazama. Tukawa tunamfuata kijana wa kinanda. Waumini walipiga makofi kama kawaida, lakini mtu anayeimba tena safu ya nyuma anajua.

Mwaka jana kikaitishwa kikao baada ya ibada ya pili. Vijana walisema Mwalimu apumzike. Wazee walisema Mwalimu ni Mwalimu mpaka Mungu amwite, na kwamba vijana wana ajenda zao. Maneno yakawa makali. Mtu mmoja akasema kuna watu wanataka kiti, mwingine akajibu kuna watu wanaogopa kusema kweli. Kisha katibu akanigeukia. "Wewe ndiye wa nyumbani kwake. Unasemaje?"

Mbele yangu niliiona ile ya nne. Hatua kwa hatua, watu wanaotimiza wajibu, mzee aliyefumba macho, hakuna nota iliyokosewa. Niliwaambia shida haiko kwenye mkono. Mwongozaji anaweza kuongoza kwa nyusi. Shida ni kwamba sisi hatumtazami na yeye hatutazami, na tukiendelea hivi tutamfanya mzee wetu aongoze watu waliokwisha kumwacha moyoni bila kumwambia. Tumwambie. Nilinyoosha mkono apumzike, mbele ya watu wote, na wengi wakanyoosha. Mzee mmoja wa besi hakuniamkia wiki tatu.

Jioni ile nilikwenda kumweleza mwenyewe, maana sikutaka asikie kwa mtu mwingine.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Haya, wameniua?"

"Wamekupumzisha."

"Na wewe mkono wako ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa juu. Nilitaka upumzike."

Alinyamaza. Kiliwahi kunitisha kimya cha Simfoni ya Tano, lakini hiki cha Mjomba kilikuwa kirefu zaidi. Mwishowe akaniambia niweke ile sehemu ya pili ya Eroica, machi ya mazishi. Nikauliza ya mara ya ngapi, nikijua atasema ya tatu.

"Weka hiyo ya nne. Mpigaji ni wa rika langu."

Machi hiyo, kwa asiyeijua, inakwenda kwa hatua nzito za watu waliobeba jeneza. Karibu na mwisho Beethoven anafanya jambo la ajabu: anaichukua ile sauti kuu ya mwanzo na kuivunja vipande. Nota mbili, kimya. Nota tatu, kimya. Ni kama mtu anayesoma risala ya marehemu na koo linamkaba, anameza mate, anajaribu tena. Katika ya kwanza vipande vile vinapita haraka. Katika ya pili vinachoma. Katika ya tatu ni vizuri mno, hata huzuni yenyewe imevaa suti. Ya nne sikuwahi kuisikiliza mpaka hapo kwa makini. Nilikuwa nimeshaichoka njiani.

Tuliisikiliza tumeinamia simu, Mjomba mkono wake mzuri juu ya goti. Vile vipande vilipofika, fidla zilisita. Ni kusita kwa watu wanaomsubiri mtu ambaye hawana hakika kama atafika, na kila walipoanza tena walianza kwa sauti ndogo kuliko mara iliyotangulia.

"Umesikia?" Mjomba akasema. "Huyu hapa hawaongozi tena. Anawaomba."

Nikamwomba ruhusa nirudishe nyuma. Tukasikiliza mara ya pili, na mara ya tatu. Alikuwa amesema kweli. Katikati ya ile rekodi baridi, chini ya taa ile ya tyubu, kulikuwa na mahali pamoja ambapo mtu aliyezoea kuamuru amefika mwisho wa amri zake, na wale wasiompenda wakampa alichokiomba. Jambo hilo halimo katika ya kwanza, ya pili, wala ya tatu. Lisingeweza kuwamo. Ilibidi azeeke kwanza, agombane nao kwanza.

Karajan aliachana na Berlin Philharmonic kwa kujiuzulu Aprili 1989. Julai ya mwaka huo alifariki nyumbani kwake Anif, karibu na Salzburg. Miezi minne baadaye Ukuta ukafunguka. Bado naipenda ya pili kuliko zote, sijabadilika. Lakini siwezi tena kusema asingerudia.

Mjomba hakuondoka kwaya. Alipumzika mwezi mmoja, halafu Jumamosi moja akaingia mazoezini na kwenda kukaa safu ya besi, karibu na yule mzee aliyeninunia. Mwalimu mpya ni binti wa sauti ya pili, hajafika miaka thelathini, mikono yake ina haraka. Siku hiyo alitutolea ule wimbo wa mazishi. Mjomba alimtazama kwa macho yote mawili, wazi kabisa, nasi tukajikuta tunamtazama pia. Ubeti wa pili besi waliingia kabla ya wakati. Binti akatusimamisha, akasema, "Samahani wazee, tuurudie." Mjomba akajikohoza, akakaa sawa kwenye benchi, akasubiri mkono wake.